Milango Ishirini na Minne ya Orie

Kwetu majina yalikwisha zamani. Ukiita "Fannie" pale watu wanapotoka ibadani, wanawake kumi na mmoja watageuka, ndiyo maana kila mtu hubandikwa lakabu akafa nayo. Yupo Fannie Kikohozi, yupo Fannie wa Mnadani, na yupo Fannie Schlabach, ambaye Waamishi wote wa upande wetu wa Holmes, Ohio, Wakristo wa mashambani tusiotumia magari wala umeme, humwita Fannie Vibuyu. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia: mjane wa miaka sitini na miwili, mfupi, mwenye viganja vikubwa kuliko kimo chake, asiyependa kuulizwa jambo moja mara mbili.

Fannie hupanda vibuyu kwenye ua wa nyuma. Majira yote ya baridi huvianika darini mpaka vikitikiswa mbegu zilie ndani, kisha huvikwangua, huvipaka rangi nyeupe na kuvitoboa mlango. Vibuyu hivyo hutundikwa juu ya mlingoti viwe nyumba za mbayuwayu wa zambarau. Ndege hao hukimbilia kusini baridi ikianza na hurudi mwezi wa Aprili, na huku kwetu hawazai porini tena. Wasipojengewa na mtu, hawana pa kutagia. Mwenye kundi lao uani huonekana mtu wa maana hata kama ng'ombe wake wanahesabika mbavu.

Adui wao ni ndege aitwaye kuzi. Kibuyu chenye tundu la mviringo kuzi huingia bila hodi, hutoboa mayai, humuua mama juu ya kiota, na akishamaliza hujenga kiota chake juu ya mzoga. Dawa yake ni kipande chembamba cha bati chenye tundu la nusu mwezi, chini limenyooka, juu limejipinda, kimo chake kwenda juu inchi moja na sehemu tatu za kumi na sita. Mbayuwayu hujilaza kifudifudi akajisukuma ndani. Kuzi ana kifua, hukwama. Ukiongeza unene wa sarafu tu, kuzi kaingia. Ukipunguza unene wa sarafu, mbayuwayu kabaki nje. Kipimo hicho Enos, mumewe Fannie, alikitoa kwa binamu yake Pennsylvania, akamfundisha mkewe, na tangu hapo watu wa makanisa matatu huja kukatiwa milango kwa Fannie, wala hakuna anayempimia nyuma yake.

Sasa mwaka ule Enos alipougua, Machi ilimkuta amelazwa hospitali mjini, na Fannie yuko kando ya kitanda chake. Mlingoti ulikuwa umeshushwa, vibuyu viko ghalani. Fannie akamtumia salamu Orie, mdogo wake Enos, mwenye kiwanda cha mbao ng'ambo ya barabara: ufunguo wa ghala unao, tafadhali tupandishie vibuyu kabla ndege hawajaja. Orie akajibu wasiwe na wasiwasi.

Walirudi nyumbani wiki ya pili ya Aprili, Enos akiwa hana zaidi ya mwezi wa kuishi. Mlingoti wao ulikuwa mtupu kama nguzo ya umeme. Ng'ambo ya barabara, uani kwa Orie, ambaye hakuwahi kufuga ndege maisha yake yote, ulisimama mlingoti mpya wenye vibuyu ishirini na vinne, na mbayuwayu wa Enos wanaingia na kutoka. Fannie alipandisha vyake siku hiyohiyo kwa mikono yake, lakini ndege akishachagua nyumba na mwenzi amechagua, na mwaka unaofuata hurudi palepale. Alipomfuata Orie, Orie alisema amepitiwa, kazi zilikuwa nyingi. Halafu akaongeza, akicheka, kwamba ndege hawakuandikwa jina la mtu.

Enos alilala karibu na dirisha. Kila asubuhi aliuliza kama wamefika, na kila asubuhi Fannie alimdanganya kwamba mwaka huu baridi imewachelewesha. Lakini mbayuwayu huimba alfajiri, na Enos alikuwa mgonjwa wa tumbo, si wa masikio. Siku moja akasema, "Mwaka huu sauti zao ziko mbali." Hakuuliza tena. Mwezi wa Mei akazikwa.

Mnajua mila yetu, au hamuijui, basi nawaambia. Shemasi Ura alikuja baada ya mazishi, akamwambia Fannie kuwa Orie amekiri mbele ya wazee kwamba alisahau, na anasikitika. Jumapili iliyofuata Fannie alisimama, akampa Orie mkono, akasema amemsamehe. Wanawake wakalia. Na kwetu jambo likishasamehewa limekufa. Atakayelifukua ndiye mwenye dhambi. Orie akarudi kwenye mbao zake mwepesi kama aliyetua gunia, na Jumapili jioni akawa anaalika wageni waje kuona ndege wake.

Mara mbili kwa mwaka, wiki mbili kabla ya Meza ya Bwana, tuna siku ya kuulizwa. Mhubiri hupita mstari kwa mstari, na kila aliyebatizwa hujibu kama ana amani na Mungu, na kanisa na kila mtu. Mmoja akisema hana, Meza inaahirishwa kwa watu wote mpaka kiini kijulikane. Mara tatu baada ya kifo cha Enos Fannie aliulizwa, na mara tatu alijibu kuwa ana amani. Alikuwa anasema uongo mkavu. Alimchukia Orie wakati wa kukamua, alimchukia akishona, alimchukia akipiga magoti. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Majira ya kiangazi mwaka jana kuzi waliwavamia ndege wa Orie, maana vibuyu vyake vilikuwa na matundu ya mviringo. Februari akaja kwa Fannie amebeba jibini kubwa kwapani.

"Shemeji, kuzi wamenimaliza," alisema kabla hata hajakaa. "Nimeokota makinda kumi na tisa chini ya mlingoti."

"Pole."

"Nikatie ile milango yenu. Ishirini na minne."

"Wewe una msumeno wa kupasua mwaloni mzima. Kipande cha bati kinakushinda?"

"Mimi ni wa mbao za ghala, shemeji. Mambo ya kupima kwa unywele ni yenu na marehemu." Orie akatabasamu. "Tena marehemu angefurahi kuona unanisaidia."

Angenyamaza kabla ya hapo, labda Fannie angemkatia milango ya haki na kuendelea kumchukia kimyakimya mpaka kufa. Lakini alimtia Enos kinywani. Fannie alipokea jibini, akasema arudi baada ya wiki mbili.

Aliikata yote ishirini na minne, akiipima kwa kalipa ya Enos, kile chombo cha kupimia upana, inchi moja na moja ya kumi na sita, na hakukosea hata mmoja. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Kisha akachukua tupa, akalainisha kingo za kila tundu mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, na kila mmoja akaujaribu kwa ubawa wa mbayuwayu mkavu aliowahi kuuokota, ahakikishe hakuna bawa litakalonasa. Ndege hawakumkosea kitu. Usiku huo alilala fofofo.

Huenda msomaji anamshangaa Orie. Mtu mzima, mfanyabiashara, anachukua milango kwa mwanamke aliyedhulumiwa naye na hata rula haweki! Lakini ndivyo tulivyolelewa. Alipewa mkono mbele ya kanisa, kwa hiyo kwake jambo lilikwisha. Kupima kazi ya Fannie kungekuwa kumwambia kwamba haamini msamaha wake. Aliifunga milango yote kwa skrubu, akapandisha vibuyu, akangoja.

Dume la kwanza lilikuja tarehe nne Aprili, limezeeka, jeusi la kung'aa kama lami iliyolowa. Fannie alikuwa anaosha vyombo, akasimama dirishani na sahani mkononi. Dume likatua kwenye kibaraza cha kibuyu kimoja cha Orie, likaingiza kichwa, likalaza tumbo, likasukuma. Likarudi nyuma. Likajaribu cha pili, cha tatu, mpaka cha saba. Orie alikuwa chini ameshika kofia yake, anamhimiza ndege kama mtu anayemhimiza ndama anyonye.

Siku ya tatu ndege walikuwa tisa, wakizunguka vibuyu vya Orie na kupiga kelele za kuudhika. Ya nne, dume moja likavuka barabara. Likatua kwenye kibuyu cha Fannie, likajilaza, likaingia. Fannie aliketi chini jikoni, akacheka hadi akashika mbavu, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Kufikia tarehe ishirini na tatu alikuwa na jozi kumi na tisa, na Orie alikuwa na mlingoti mzuri mweupe ambao hata shomoro haukaribii.

Alifurahi, na hakuona haya. Asubuhi alikunywa kahawa yake nje, kiti akikielekeza barabarani. Wapita njia wakimpongeza alisema ni neema.

Orie aliukubali mkosi kwa wiki mbili. Halafu fundi ndani yake akaamka. Alikwenda kwa Malva Mast, ambaye naye alikatiwa milango na Fannie, akaazima mmoja, akauweka juu ya benchi la msumeno pamoja na wake, akaipima yote miwili. Jumamosi mchana, siku moja kabla ya siku ya kuulizwa, alivuka barabara akiwa na mlango mmoja kila mkono. Fannie alikuwa anakwangua kibuyu barazani nje, na hakusimama.

"Huu na huu si sawa," Orie alisema.

"Si sawa."

"Ulikosea, shemeji?"

"Enos alinifundisha kupima. Sikosei."

Orie aliitazama ile milango kana kwamba mmoja ungemjibia. Kisha akasema, "Kesho tunaulizwa."

"Najua kalenda."

"Sasa mimi nitasema nini?"

"Sema kweli. Sema huna amani na Fannie kwa sababu amekukatia milango midogo makusudi. Watanipigisha magoti, nitapiga. Lakini kabla ya hapo watakuuliza kwa nini Fannie, aliyekupa mkono mbele yao, afanye hivyo. Nawe utawaeleza." Akaweka kisu chini. "Ulisahau, Orie?"

Tangu aolewe katika ukoo ule hakuwahi kumwita jina tupu hivyo. Juu yao mbayuwayu walikuwa wanagombania vibaraza, na Orie akainua uso akawatazama. Alikuwa na macho ya mtoto aliyenyimwa.

"Tangu utotoni walikuwa wa Enos," alisema. "Kila kitu chenye kuruka kilikuwa cha Enos. Nilitaka niwe nao mimi, hata mwaka mmoja."

"Ungeomba."

"Angenipa?"

"Angekupa na ngazi. Alikuwa anawasikia, unajua? Kitandani pale. Alikufa anawasikia kwako."

Orie hakuwa anajua. Ilionekana wazi usoni. Aliuliza kama Enos alisema lolote juu yake, na Fannie akamjibu kwamba hakusema neno, akachukua kisu akaendelea kukwangua. Hakumwongezea wala hakumpunguzia. Orie aliweka milango yote miwili kwenye ngazi, akaondoka polepole, akasimama katikati ya barabara mpaka ikabidi kigari cha farasi kimpitie pembeni.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na nyumba ya shemasi Ura, maana kwetu ibada huzunguka majumbani na zamu ilikuwa yake, ilikuwa na kimya Jumapili hiyo. Watu mia moja na arobaini kwenye mabenchi, wanaume huku, wanawake kule, na mahubiri yalikuwa yamekwenda tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Mhubiri alianza kwa wanaume. Mstari wa wazee, mstari wa pili, kila mmoja akinong'ona jibu lake. Akafika kwa Orie.

Orie hakujibu. Fannie, kutoka upande wa wanawake, aliona shingo yake ikiwa nyekundu na mikono yake mikubwa ya kazi ya mbao ikishikana magotini. Akisema hana amani, Meza inasimama, na wazee watafukua mpaka wafike ghalani kwa Enos, kwenye ufunguo na yale maungamo yake kwamba alisahau. Akisema anayo, atadanganya mbele za Mungu na itabidi ale mkate juu ya uongo huo. Fannie alijua ladha yake. Alikuwa ameilamba mara tatu, na yeye hakuwa amemwibia mtu. Watu walianza kugeuza vichwa. Mkewe Orie akainama.

"Nina amani," Orie alisema mwishowe. Mhubiri akangoja kidogo, akamtazama, akaendelea na aliyefuata.

Wapo watakaosema Fannie alipaswa kusimama wakati huo na kuungama. Waseme. Mimi niliishi ng'ambo ya shamba lao, nilimwona Enos akigeuza shingo kwenda dirishani, na sina jiwe la kumtupia.

Mhubiri wa pili, aliyepita upande wa wanawake, alifika kwenye benchi la wajane. Fannie alipoulizwa hakujibu haraka, kwa sababu alitaka kwanza kujitafuta. Alitafuta ile chuki pale ilipokuwa ikikaa siku zote, chini ya mbavu za kushoto, kama mtu anavyopapasa jino linalomuuma. Haikuwepo. Akasema ana amani na Mungu, na kanisa na kila mtu, na safari hii hakudanganya.