Dobi wa Devonport na Kengele Alizozikosa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, shuka la mia nne tangu zamu ianze linateleza mikononi mwa Glenys Purdon na kumezwa na mashine ya kunyooshea. Mngurumo wa humo ndani unaweza kumsahaulisha mtu jina lake. Glenys anamtazama mwenzake aliye upande wa pili, anainua vidole viwili, kisha anakunja uso kama aliyelamba ndimu.

Mwenzake anacheka kwa mabega. Ameelewa: gemu ambayo Glenys aliimaliza jana imepata nyota mbili, na ya pili ni ya huruma.

"Humu hatuongei, tunatazamana midomo," anaeleza baadaye, wakati wa chai, akipuliza pai yake ya nyama. "Ukikaa humu mwaka mmoja unamsoma mtu hata akinong'ona ng'ambo ya ukumbi. Usije ukamsengenya dobi mbele ya macho yake."

Glenys ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja amefua mashuka ya mahoteli na ya meli katika kiwanda hicho. Mjini Devonport, hata hivyo, wanaomjua kwa mashuka ni wachache. Wengi wanamjua kwa kadi zake za njano.

Kadi hizo zimo maktaba, kwenye rafu ya gemu za kuazima, za kompyuta na za mashine za kuchezea kwenye televisheni. Kila kasha lina kadi moja. Mbele kuna maoni ya Glenys na nyota, moja hadi tano. Nyuma pako wazi, na yeyote mwenye ubishi anaruhusiwa kuandika. Sharti lake ni moja na halivunji: haandiki neno juu ya gemu ambayo hajaimaliza.

Ni mkali, na ukali wake hauonei haya. Kuhusu gemu moja ya mapigano ameandika: "Zimwi la kwanza tamu. La pili tamu. La tatu ndilo la kwanza, limepakwa rangi." Kuhusu nyingine: "Inakufundisha kutembea kwa nusu saa. Mimi nilijifunza nikiwa na mwaka mmoja, tena bure." Gemu ya kompyuta ya kuendesha treni aliipa nyota nne, akaongeza: "Treni hazichelewi hata siku moja. Kwa ndoto za mchana, hii imezishinda zile za majoka."

"Kuna watu wanakuja kusoma kadi tu, gemu hawaazimi," anasema Roslyn Quigg, mkutubi wa hapo. "Namwambia Glenys, wewe umeniharibia kazi. Ananiambia, basi nunua gemu nzuri."

Kwa miaka tisa ameandika kadi mia tatu themanini na sita. Hakuwahi kufuta hata moja, mpaka ilipokuja gemu iitwayo Kengele za Bonde.

Katika gemu hiyo mchezaji ni mchungaji. Kondoo wamepotea, bonde zima limejaa ukungu, na mbweha wanavizia. Glenys aliicheza kwa jumla ya saa kumi na moja, kidogo kidogo, kila alasiri baada ya zamu. Alikufa mara sitini na kitu. Alipoimaliza alichukua kadi na kuandika: "Nyota moja. Ukungu mtupu. Mbweha wanatokea bila taarifa. Aliyeitengeneza alilala kabla hajachora."

Wiki mbili baadaye aligeuza kadi ile maktaba na kukuta mstari mmoja: "Mama, ulisikiliza?"

"Nilikasirika mpaka nikasahau mwavuli wangu," anasema. "Watu wameniita mjinga nyuma ya kadi, wameniita bibi kizee, sikujali. Lakini huyu kaniuliza swali. Na jibu lake nilikuwa nalo, sikulitaka."

Jibu ni kwamba hakusikiliza. Amecheza gemu zote zile sauti ikiwa imezimwa, akisoma maandishi yanayopita chini ya skrini. Sababu aliyokuwa akiitoa ni mumewe, Lex, ambaye alasiri husikiliza kriketi redioni.

Lex, dereva wa lori aliyestaafu, ana maelezo yake.

"Ati kwa ajili yangu!" anasema, akimtupia mkewe jicho. "Mimi redio naifungulia sana kwa sababu hata nikiwa na yeye nyumbani sina wa kuongea naye. Namwita toka jikoni mara nne, kimya. Nikienda kusimama mbele yake ndiyo ananiambia, 'Mbona hukuniita?'"

Aliyeandika swali lile ni Ambrose Lade, kijana wa miaka thelathini na minne anayepokea simu za teksi. Ambrose haoni tangu kuzaliwa. Dada yake ndiye aliyemsomea kadi na kumwandikia mstari ule. Glenys alimwomba Roslyn amtafutie mtu huyo, na Roslyn akawakutanisha Alhamisi moja, saa tisa, kwenye meza iliyo karibu na vitabu vya bustani.

"Nilikwenda kumsuta," Glenys anakiri. "Hotuba nilikuwa nimeipanga kwenye mashuka tangu asubuhi."

Hotuba aliimaliza. Ambrose akaanza kujibu, na hapo ndipo mambo yalipomgeuka. Miaka yote ile, kila mtu aliyezungumza na Glenys alimwelekezea uso, naye akamsoma midomo bila hata kujua kwamba anasoma. Ambrose hana haja ya kumtazama mtu. Akizungumza huinamisha kichwa na kutega sikio upande wa mwenzake, na mdomo wake unaelekea kwingine kabisa.

"Nikaona shavu na sikio," anasema Glenys. "Maneno hamna. Nilijua anasema kwa sababu koo lilikuwa linacheza."

Ambrose anakumbuka kimya hicho. "Nilimuuliza kitu, hakujibu. Nikamuuliza tena. Nikajua bado amekaa, maana kiti kililia. Mara ya tatu nikamwambia Roslyn, 'Huyu mama ananidharau au hanisikii?' Roslyn akaacha kupanga vitabu. Hapo nikajua."

Alichofanya Ambrose ni kutoa kwenye begi mashine yake ndogo ya mkononi, akafungua Kengele za Bonde, ambayo yeye huicheza kwa masikio tu, akaongeza sauti mpaka mwisho na kusogeza hedifoni mezani. Glenys alizivaa.

Sikio la kulia lilipata kengele. Ilikuwa mbali, kisha ikakaribia. Halafu akasikia nyasi zikivunjika, na kabla hajauliza ni nini, mbweha akatokea pale pale palipolia. Alitoa taarifa, na alikuwa akiitoa siku zote.

Sikio la kushoto halikupata kitu. Alidhani waya umekatika. Akazigeuza hedifoni, ya kulia kushoto, na kengele zikabaki upande ule ule wa kichwa chake.

"Nililia," anasema, bila kuzunguka. "Mbele ya watu waliokuja kuazima vitabu vya kupanda nyanya. Niliogopa kuhusu sikio, ndiyo, lakini kilichoniuma ni kadi. Watu wameniamini miaka tisa. Nimewaambia hii nzuri, ile mbaya, na nusu ya kazi ya wale waliozitengeneza sikuipata. Nilikuwa nahukumu mchuzi kwa kuuangalia."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Glenys halikukosa kupimwa. Kiwandani hupimwa kila mwaka, na kila mwaka alifaulu. Unavaa hedifoni, na ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Glenys, ambaye amewashinda mazimwi kwa kukariri mdundo wao, aliukariri na huu: mlio, hesabu tatu, mlio, hesabu tano, mlio.

"Sikukusudia kudanganya," anasema, na kwa mara ya kwanza anatazama chini. "Niliona kitufe, nikaona kuna kushinda, nikashinda. Safari hii nilimwambia yule binti wa vipimo abadilishe mpangilio. Nikashindwa vibaya, na ndiyo mara ya kwanza nimefurahi kushindwa."

Sikio la kushoto limepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake, la kulia kama robo. Kiwandani amepewa vizuia kelele vipya na anapumzishwa mashine kila baada ya saa mbili. Alihofu kwamba wangemwondoa, lakini hawakumwondoa.

Kadi ndizo zilizompa taabu. Alikwenda maktaba na mfuko wa plastiki, akataka kuzikusanya zote. Roslyn alisimama mbele ya rafu.

"Nilimwambia, hizi si zako tena," anasimulia Roslyn. "Nyuma kuna maandishi ya watu. Kuna wawili walioana kwa kubishana nyuma ya kadi ya gemu ya mpira. Utawarudishia nini?"

Kwa hiyo kadi zimebaki. Glenys amebandika karatasi juu ya rafu: "Maoni haya yote yameandikwa na mtu asiyesikia. Mwandishi anarudia kazi." Vifaa vya kusikilizia alivipata mwezi uliopita, viwili, vidogo kama punje za maharage, na ameanza upya na kadi namba moja. Kila kadi mpya ina mstari ambao haukuwapo: Sauti.

Lex amepiga hesabu. Kwa mwendo huu atamaliza akiwa na miaka sitini na saba. "Na mimi nitakuwa kiziwi," anasema. "Tutabadilishana."

Kengele za Bonde imepanda kutoka nyota moja hadi tatu, na Ambrose hajaridhika. Kila Alhamisi wanabishana kwenye ile meza, yeye akijitahidi sasa kumwelekezea uso, Glenys akimwambia aache, asijitese.

"Tatu!" analalamika Ambrose. "Mama umepewa masikio mapya na moyo bado ule ule."

"Kengele zote nimezisikia," Glenys anamjibu. "Mwisho wake bado mbovu."

Ni Jumamosi mchana nyumbani kwao. Glenys yuko kwenye gemu ya nne, padi ya kuchezea mkononi, sauti imefunguliwa. Kriketi inaendelea redioni, chini chini. Lex yuko jikoni, amegeukia ukuta, anajaza maji kwenye birika.

"Utakunywa chai?" anauliza, kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu.

"Na biskuti," anasema Glenys, macho kwenye skrini.

Lex anafunga bomba. Anabaki amesimama na birika lake, halafu anauliza tena, polepole zaidi, bila kugeuka, biskuti ngapi.