Msimu Ambao Mbithe Alifunga Mzigo

Harufu ya mkonge uliolowa maji hunisimamisha popote niisikiapo. Ni chungu kidogo, kama majani yaliyoanza kuoza, na mara moja hunirudisha kijijini Tulia, katika likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la tatu. Mama alikuwa na shughuli sokoni Emali, akanipeleka nikae kwa nyanya, ambaye sisi Wakamba humwita susu. Nyumba hiyo ilikuwa ya wanawake wawili. Susu alikuwa mjane aliyezaa mabinti pekee. Mwenzake, Mbithe, alikuwa mkewe. Sibabaishi maneno: Susu alipeleka mbuzi kwa wazazi wa Mbithe na kumwoa, kwa kuwa desturi yetu humruhusu mwanamke asiye na mwana wa kiume kuoa mke, anayeitwa iweto, ili watoto atakaozaa walibebe jina la boma. Mchana kutwa walikaa kivulini wakisokota nyuzi mapajani na kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, huku wakibishana. Mbithe alidai kiondo cha Susu kimepinda kama mdomo wa mlevi. Susu alijibu kwamba wanunuzi hawajalalamika.

Tatizo ni kwamba miaka ilipita na Mbithe hakuzaa. Siku moja Muthengi, ndugu ya marehemu babu, alifika na mzee mmoja wa ukoo. “Shemeji,” alisema, “iweto asiyezaa hurudishwa kwao. Tutakuja Jumapili kusikia umeamua nini.” Walipoondoka, Mbithe alitandaza leso kitandani, akafunga nguo zake mzigo mmoja, akauweka mlangoni. Hakuna aliyelia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nami, ambaye hata wakati ule nilikuwa mtu wa kuwaza kupita kiasi, niliamua kwamba kosa ni langu: laiti ningezaliwa mvulana, nani angemdai Mbithe mtoto? Nikamwendea jikoni. “Nikinyoa kichwa, watakuacha ukae?” Alinitazama utosini. “Kichwa hicho? Utawatisha mbuzi.”

Jumapili, baada ya ibada, wazee wakaja. Susu aliwapakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, akangoja wajaze vinywa.

“Muthengi, nani alimwoa Mbithe?”

“Wewe, shemeji.”

“Basi wa kulalamika ni mimi, na mimi sina malalamiko.”

“Na jina la ndugu yangu litabebwa na nani?”

Susu alinielekezea kijiko. “Huyu hapa. Mpe jina hilo.”

Yule mzee mwingine alicheka hadi akakohoa. “Kula, Muthengi. Huyo ni mke wa mwenyewe.” Muthengi akala. Kabla hawajafika barabarani, Mbithe alikuwa ameshafungua mzigo.

Sasa nimemaliza chuo, na ninajitolea katika kikundi kidogo kinachokusanya simulizi za wanawake wanaopenda wanawake, ili tunapodai haki tusiambiwe kwamba sisi ni wageni katika nchi yetu. Wiki nzima nilisita kumwendea Susu. Najua iweto ni jambo la uzazi na urithi. Sikutaka kuwalisha maneno. Mwishowe nilikwenda, nikaomba ruhusa, nikaahidi kubadilisha majina, nikawasha kinasa sauti na kumuuliza ile wiki ya mzigo ilikuwaje kwake.

“Sikuweza kula,” Susu alisema.

“Mwambie ukweli,” Mbithe alidakia kutoka jikoni. “Ulikula sahani mbili kila siku.”

Susu aligeukia jikoni. “Nilidhani ndicho chakula cha mwisho utakachonipikia.”

Jikoni sufuria ziliacha kugongana. Nilizima kinasa sauti na kuwaambia kwamba nami nina mpenzi wa kike. Susu aliuliza tu kama huyo wangu hula muthokoi.

Nikiupima wakati ule na huu, siwezi kusema kirahisi upi ulikuwa bora. Wao walikuwa na mbuzi na jina la kuwaambia wazee, ingawa hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanapendana. Marafiki zangu hupendana waziwazi zaidi, na mwenye nyumba akijua huwafukuza kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini jioni ile niliondoka Tulia bila kupanga maneno ya kujitetea, na njia nzima hadi mjini Kitui, ninakoishi sasa, sikuwaza chochote.