Seli Zilizokaa Mstarini

Kwa miaka ishirini na mitatu Mwalimu alikuwa amefundisha biolojia kwa chaki tu. Shule yake ilikuwa na hadubini moja yenye kioo kilichopasuka, ikitolewa kabatini siku ya wageni na kurudishwa wakishaondoka. Kwa hiyo liliposikika tangazo kwamba kituo cha utafiti wa saratani kitapokea walimu na wanafunzi wao likizo nzima, kila wawili na mlezi wao wa kuwaelekeza kazi, aliandika barua siku hiyohiyo. Hakutaja kwenye barua kwamba dada yake mkubwa alifariki kwa saratani ya titi, wala kwamba ni yeye, mtu wa biolojia, aliyemwambia uvimbe usiouma hauna neno. Hilo alibaki nalo moyoni.

Alikwenda na binti mmoja wa kidato cha tatu, mpole, asiyejibu mpaka aulizwe mara mbili.

Mlezi wao alikuwa fundi wa maabara, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyeitwa Bi Wino kwa sababu penseli ilikuwa marufuku mezani pake. "Ukikosea, pitisha mstari mmoja, weka tarehe na sahihi," aliwaambia. "Kosa tunataka tulione. Ukilifuta umetuibia."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuhesabu. Seli za saratani zilikuzwa kwenye chupa, nusu zikapewa dawa na nusu zikanyimwa. Kila asubuhi walichota tone, wakalitia rangi ya buluu, wakaliweka juu ya kioo kilichochorwa miraba midogo, kisha wakahesabu. Seli iliyokufa hunywa rangi. Iliyo hai hubaki nyeupe.

"Iliyokaa juu ya mstari," Bi Wino alisema siku ya kwanza, "hesabu ya mstari wa juu na wa kushoto. Ya chini na ya kulia iache, hiyo ni ya mraba wa jirani."

"Hilo nalijua," alijibu Mwalimu, huku akimfunga binti vifungo vya koti. Hakuwa amesikia hata nusu.

Wiki ya nne Bi Wino aliyaweka madaftari yao mawili kando kwa kando, akayatazama mpaka chai yake ikapoa.

"Nyinyi mnatazamiana?"

"Kivipi?"

"Mia mbili kumi na nne, mia mbili kumi na mbili. Mia na tisini, mia na tisini na moja. Mwezi mzima. Hata pacha hawalingani hivi."

"Tumezoeana," Mwalimu akacheka.

"Seli hazijui kama mmezoeana."

Akaandaa kioo kimoja. Kila mtu ahesabu peke yake, aandike kwenye kikaratasi, akikunje. Cha Mwalimu kilikuwa na mia mbili na nane. Cha binti, mia na sitini na tano.

"Nimekosea mimi," binti aliwahi kusema.

Bi Wino akafungua cha kwake. Mia na sitini na saba. "Basi tumekosea mimi na wewe, mwanangu."

Mwalimu alimgeukia binti. "Siku zote ulikuwa unapata ngapi?"

Binti aliingiza mkono mfuko wa koti akatoa bunda la vikaratasi, kila kimoja na tarehe yake. "Nilikuwa naandika hapa kwanza. Halafu nasubiri utaje yako, ndiyo naandika daftarini."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiye mwalimu."

Mwalimu akavuta kigoda akakaa. Dada yake naye alisema hivyo, kasimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi: wewe ndiye uliyesoma. Akaridhika, akarudi kwenye vyombo vyake.

Ijumaa walitakiwa kusimama mbele ya watafiti wote na kueleza walichokiona. Binti alikuwa akiliwaza hilohilo. "Sema nimekosea mimi," alinong'ona. "Mimi mtoto, hawatanicheka."

"Watanicheka mimi, na nitawaambia mwenyewe." Mwalimu alifungua daftari lake ukurasa wa kwanza. "Lete vikaratasi vyako. Wewe uandike ulichokiona. Mimi nipitishe mstari kwenye hesabu zangu."

Walikaa bega kwa bega mchana mzima. Mstari, tarehe, sahihi. Binti alikuwa akiikandamiza kalamu karatasini.

"Usikandamize sana," Mwalimu alimwambia. "Acha pasomeke." Kisha, bila kuinua macho, akamsimulia habari za dada yake, zote, pamoja na ule uvimbe usiouma. Binti alisogeza kiti chake karibu zaidi.

Walipomaliza, Bi Wino aliwasogezea hadubini ya kufundishia, ile ya watu wawili kuchungulia pamoja, akaenda kuosha chupa zake kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwalimu alianza kuhesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu. Kumi na mbili. Kumi na tatu, ile iliyokaa juu ya mstari wa kulia.

"Hiyo iache," alisema binti, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Ya jirani."

Mwalimu akarudi mwanzo wa mraba.