Ushahidi wa Halima wa Kyuso

Nilikubali safari hii kwa sababu nilisifiwa. Wakili Mutheu, anayewatetea watu walionyimwa vitambulisho, alikuja kwangu Makindu akaniambia anaandaa ripoti ya kupelekwa ng'ambo, kwenye kikao ambapo serikali za dunia huulizwa zinavyowatendea raia wao. Serikali yetu ilikuwa imetangaza kwamba watu wenye asili ya kaskazini mashariki hawatapigwa tena msasa wa peke yao, yaani kuhojiwa kuhusu ukoo wao, kabla ya kupewa kitambulisho. Mutheu alitaka kujua waliosumbuliwa zamani waliishia wapi.

"Mzee, wewe ulikuwa karani wa vitambulisho pale Mwingi miaka mingi," alisema. "Twende Kyuso, unifafanulie yale watu watakayosema."

Nikavaa koti la kanisani.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka kwa gari lake. Pale Kibwezi tuliiacha barabara ya Mombasa tukashika ya Kitui. Njia nzima msemaji nilikuwa mimi. Tulipovuka mto Athi nilikuwa namweleza kwamba sheria yetu haikuwa na ubaya wowote, shida ni watu waliokuja ofisini bila karatasi. Mutheu alinisikiliza kwa adabu. Mutomo tulikunywa chai, nikaendelea.

Kyuso tulifika kama saa sita. Ulikuwa wakati wa mavuno ya ndengu, na kando ya soko watu walikuwa wakizipura juu ya maturubai. Mwenyeji wetu, Mzee Hassan, ni Msomali mfanyabiashara wa mbuzi. Baba yake aliletwa hapo na mifugo kabla ya uhuru, na Hassan mwenyewe hajawahi kuishi kwingine. Binti yake Halima, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana duka la dawa za mifugo. Alitusalimu kwa Kikamba kilichonyooka kuliko changu, akatuletea chai na mahamri, kisha akaketi mbele ya Mutheu na kuanza kueleza.

Alipomaliza kidato cha nne alipata barua ya chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho. Akaenda ofisini Mwingi. Karani akamwambia alete kitambulisho cha babu yake, na babu alikuwa ameshafariki. Akarudi na barua ya chifu. Karani akasema chifu hatoshi, alete mzee wa ukoo wao kutoka Garissa.

"Garissa sikuwa namjua mtu," Halima alisema. "Mara ya mwisho hata fomu hakuishika. Aliniambia, 'Msichana, rudi kwenu.' Nikatoka nikasimama nje. Kwetu ni hapa. Ningerudi wapi?"

Nafasi ya chuo ikapita. Kitambulisho alikuja kukipata miaka mingi baadaye, akiwa tayari ana watoto.

Mzee Hassan alikuwa akitazama mikono yake. "Mimi nilimwambia hakwenda huko ofisini," alisema. "Nilisema anazurura na wenzake. Mtu hawezi kukataliwa kila siku."

Chai ilikuwa imepoa mkononi mwangu. Uso wa yule msichana sikuukumbuka, lakini maneno yale niliyajua. Yalikuwa yangu.

"Jina la karani unalikumbuka?" Mutheu aliuliza.

Halima alinitazama. "Silikumbuki," alisema.

Mutheu alipoomba maoni yangu, nikasema kwamba siku hizo kazi ilikuwa nyingi.

Saa tisa tuliaga. Halima alinisindikiza hadi kwenye gari. Mutheu akiwa bado anaongea na baba yake, alinisogelea akasema polepole, "Nilikujua uliposhuka tu. Nilitaka nione kama utasema mwenyewe."

Tulikuwa tumekaribia Mwingi nilipomwambia Mutheu. Alisimamisha gari kando ya barabara.

"Na kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza. Akageuza gari.

Tulimkuta Halima dukani na baba yake. Niliomba karatasi nikaandika juu ya kaunta jina langu kamili, cheo changu, na nilichofanya. Niliandika kwamba alikuja mara tatu. Halima alisoma, akanirudishia karatasi.

"Mara nne," alisema.

Nikakata, nikaandika nne. Nilipotaka kuomba msamaha, aliinua kiganja.

"Hilo baadaye. Kwanza soma kwa sauti, baba asikie."

Nikasoma. Wateja wawili waliokuja kununua dawa ya kupe walisimama mlangoni wakasikia yote. Nilipomaliza, Mzee Hassan hakuniangalia mimi. Alimgeukia binti yake.

"Mara nne, mama?"

"Ndiyo, aabo."

Mzee akafunika uso kwa kilemba chake, mabega yakamtikisika. Halima alizunguka kaunta akamshika. Mimi na Mutheu tukatoka.

Tulilala Mwingi, na kesho yake tukarudi Makindu. Nilikuwa nimeishi nikijiambia kwamba nilifuata sheria. Lakini hakuna sheria iliyowahi kuniagiza kumwambia mtoto wa Kyuso arudi kwao, wala nisiiguse fomu yake. Nililiamua mwenyewe, nikaenda kula chakula cha mchana.

Karibu na Kibwezi, Mutheu aliniuliza kama nitamtajia wengine niliowafukuza, ili awatafute. Nilifumba macho nikajaribu. Nilikumbuka foleni, benchi la nje, hata rangi ya mlango. Jina sikulipata hata moja.