Mtumishi Aliyetolewa Ng'ombe

Miriamu alimdharau Prosper tangu zamani, lakini siku alipoiona ile picha alimdharau upya, tena kwa bidii. Vijana wa Musoma walikuwa wamefungua hifadhi ya mtandaoni ya historia ya mji: picha kuukuu, ngoma, simulizi, kila mtu anaweka na kutazama bure. Prosper, mwalimu wa kwaya na mpenda sifa, akawamwagia albamu nzima ya marehemu Bibi Rhobi, mke wa baba yake mkubwa. Chini ya picha moja ya Rhobi na Miriamu aliandika: "Bibi Rhobi na mtumishi wake wa ndani, nyumbani mtaa wa Bweri."

Mtumishi! Miriamu aliolewa na Rhobi mchana kweupe, kwa mila ya Wakurya: mjane asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba ile. Prosper aliyajua yote hayo. Ila nyumba ya Bweri ilimtoa udenda tangu mazishi, na mtumishi hufungashiwa virago wakati wowote.

Kwenye kikao cha ukoo akainua simu kama Biblia. "Historia hii hapa. Dunia nzima inaionaga."

Wazee wakaguna. Miriamu akaogopa; wanawe wangelala wapi? Kisha akamtazama yule bwege na suti yake, hofu ikageuka hasira.

"Endelea kufunua," akasema. "Si umeweka albamu nzima?"

Jinga lile halikuwa limezitazama picha lenyewe. Mzee Ngolo akaichukua simu, akafunua, akacheka. Kwenye picha moja ng'ombe wa mahari walikuwa wakiingia kwa kina Miriamu, na nyuma yao, fimbo mkononi na kinywa wazi, Prosper akiwaswaga.

"Mtumishi wa ndani mnamtoleaga ng'ombe?" akauliza mzee.

Mjadala ukaishia hapo. Nyumba ikabaki ya Miriamu na wanawe.

Picha ile ikazagaa kutoka Nyasho mpaka Bunda. Prosper akakimbilia kwa vijana wa hifadhi, wakamwambia hawaiondoi bila ridhaa ya bibi harusi. Jumapili akaja langoni kwa Miriamu, jasho likimtiririka.

"Shemeji," akanong'ona, "waambie waitoe. Kwaya yote inanichekaga."

Neno hilo hakuwa amelitamka tangu msiba. Miriamu hakufungua lango.

"Umeniita nani? Paza sauti, majirani hawajasikia."