Paja la Kushoto

Daktari aliyenipasua goti alikuwa Mzungu mrefu aliyekuja kufanya kazi kwa miezi michache katika hospitali moja ya misheni kule Muleba. Mambo aliyonieleza siku ya kunitoa wodini, mpaka leo sina hakika kama niliyaelewa.

Alisema, na sista akatafsiri kwa Kihaya, kwamba ndani ya goti langu la kushoto gegedu lilikuwa limekatika na kulika. Sista akaniuliza kama nakijua kile kitu cheupe kilicho mwisho wa mfupa wa kuku, kile kinacholia ukikitafuna. Nikasema nakijua.

"Basi ni hicho. Chako kimeisha."

Daktari alikuwa ameondoa vipande vilivyozagaa mle ndani, halafu akautoboa mfupa vitundu vidogo vidogo ili damu ivuje, igande, na mahali pake paote gegedu jipya. Mimi niliacha shule darasa la tano, lakini maswali sikuyaacha. Vitundu vingapi? Ametobolea nini? Na kama damu ndiyo inayoota gegedu, mbona mtu akijikata kidole haoti gegedu? Daktari alicheka kwa hilo la mwisho, akajibu kwa maneno marefu, na sista akayafanya mafupi: "Amesema wiki sita mguu huu usiukanyagie. Lakini goti ulikunje na kulikunjua kila siku. Usipolikunja litakakamaa."

Usikanyage, lakini kunja. Nilitoka na magongo mawili na maneno hayo mawili, na njia nzima ndani ya gari la misheni niliyageuza kichwani. Mguu unaokatazwa kazi unapewaje kazi?

Goti lenyewe liliumia wakati wa vita na Uganda. Nilikuwa kijana wa kupakua mizigo, nikadandia lori lililopeleka unga upande wa Kyaka, kwa sababu tu nilitaka kuona vita inafananaje. Ndege ikapita juu yetu, dereva akapiga kelele turuke, nami nikaruka na gunia mgongoni, maana hakuna aliyeniambia niliache. Sikuiona vita. Niliona tope, na goti langu likivimba. Miaka iliyofuata nililiburuta kila nilikokwenda: bandarini Bukoba, kwenye kahawa Rubafu, mpakani, kisha Bukoba tena. Lilikuwa likikwama ghafla nikiwa natembea, nami nasimama barabarani kwa mguu mmoja nikilitikisa mpaka liachie. Watu walidhani nacheza.

Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa, kwa hiyo kutoka hospitali nilikwenda Kanazi kwa shangazi, dada wa baba, mjane aliyeishi peke yake kwenye kibanja chake cha migomba. Nyumbani kwake sakafu ilitandikwa nyasi mbichi kila Jumamosi kama ilivyo desturi, na siku ya kwanza tu magongo yaliteleza nikaangukia kiuno. Shangazi alitoka akamwita mzee aliyekuwa akiunga mifupa, mtu aliyeheshimika kuanzia kwetu mpaka vijiji vya mbali.

Mzee alilitazama kovu, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Wamekufanya nini humu?"

"Wametoboa mfupa, baba."

"Na wamekwambia nini?"

"Nilikunje kila siku."

Akamgeukia shangazi kana kwamba mimi sipo. "Mfupa uliotobolewa unakunjwa?"

"Haukunjwi," akasema shangazi.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza.

Mti uliotobolewa ukiukunja unavunjikia pale penye tundu, hilo nalijua. Sikulazimishwa, nilinyoosha mguu mwenyewe. Mzee alipanga fito nyembamba pande zote, akazifunga kwa kamba za mgomba kuanzia pajani mpaka chini ya ugoko, kazi safi, iliyobana bila kuumiza. Wiki sita nilikaa hivyo. Nilitii nusu ya maagizo ya daktari, ile nusu ya kutokanyaga, nikajiambia nusu si haba.

Siku ya kufunguliwa, mguu uliotoka mle haukuwa wangu. Goti lilikataa kukunjika hata kidogo. Na paja lilikuwa limekwisha. Ngozi ilining'inia pale palipokuwa na nyama, ungeweza kulizungushia viganja viwili vikakutana. Shangazi alikuwa ameshika beseni la maji ya moto. Aliliweka chini taratibu, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda.

Ni lazima niseme miaka ile ilikuwaje. Kukonda kulikuwa habari. Ugonjwa ule wa kukonda ulikuwa umeshaingia, na kwetu ulipewa jina la kitambaa kilichovushwa kwa magendo kutoka Uganda. Hatukujua unaingiaje wala unatokaje. Tulichojua ni namna unavyoonekana: mtu anakonda, halafu anazikwa. Kila wiki vibanja vilisimama bila kulimwa kwa ajili ya matanga ya jirani, na kabla jembe halijarudi shambani, matanga mengine.

Basi wageni wakaanza kuja. Mama jirani alileta mayai sita. Mwingine alileta sukari, wakati sukari ilikuwa haionekani hata mjini. Walikaa kwenye nyasi wakaongea kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeuliza habari za goti.

"Unakula?" mama wa mayai aliniuliza.

"Nakula, mama."

"Vizuri, waitu," akasema, kwa lile neno letu la upole. "Wewe kula tu."

Mzee mmoja wa ukoo alitafuna buni za kahawa alizokaribishwa nazo mpaka zikaisha, akakohoa. "Kile kibanja cha marehemu baba yako. Umeshazungumza na mtu?"

"Kuhusu nini?"

"Aa, kuzungumza tu."

Walipoondoka nilimwuliza shangazi, "Hawa wamekuja kumwona nani?"

"Wamekuja kukuona wewe."

"Mimi naumwa goti."

"Ndiyo, mwanangu," akasema, akanimenyea yai.

Yai lile lilinitisha kuliko kisu cha daktari. Shangazi alikuwa mtu wa kukuambia usogee ujimenyee. Nikaanza kujiuliza. Bandarini Bukoba nilikuwa nimeishi miaka miwili na mwanamke aliyewapikia wapakuaji, na nikiwa wodini nilipata habari kwamba amekufa, tena amekufa kwa kukonda. Sikumwambia mtu. Sasa mguu wangu ulikuwa umekonda, nami sikujua nimwulize nani habari zake: daktari, mzee wa mifupa, au yule marehemu.

Nikatafuta njia ya kujua mwenyewe. Nilifikiri hivi: ikiwa ni goti, paja la kushoto tu ndilo litakalokonda. Ikiwa ni ule ugonjwa, utakula miguu yote miwili. Nilichukua kamba ya mgomba iliyokauka, nikailowesha isikatike, kama anavyofanya kila mtu kwetu kabla ya kufunga kitu, nikaizungusha kwenye paja la kulia, nikaivuta ikabana, nikafunga fundo pale inapokutana. Baada ya wiki nikailowesha tena, nikazungusha. Fundo lilipita mahali pake kwa upana wa ukucha. Wiki iliyofuata, upana wa kidole.

Paja la kulia nalo lilikuwa linakwisha.

Hapo niliacha kila kitu. Nilikuwa nimeanza kidogo kujaribu kukunja goti kitandani, nikaacha. Magongo niliyaegemeza ukutani. Kumfundisha kutembea mtu anayekwenda kaburini niliona ni ujinga, maana huko watu hupelekwa wakiwa wamebebwa. Shangazi aliponiomba nitoke nje kidogo nipate jua, nilimwambia jua nimeshaliona.

Aliyekuja kuvuruga mambo ni fundi cherehani. Alikuwa na cherehani yake barazani kwa Mhindi wa mwisho aliyebaki na duka pale Kanazi, na kabla sijaenda Muleba, nilipopita kumsalimia shangazi, alikuwa amenipima suruali. Aliingia bila mayai wala sauti ya chini.

"Kitambaa chako nimeshakikata," akasema hata kabla hajakaa. "Nataka kujua. Nimalizie, au nikigeuze kaptula za shule? Maana kijijini wanasema wewe ni wa juma lijalo."

"Wewe fundi!" shangazi akamaka.

"Si mimi, mama, ni kijiji kinasema. Mimi nauliza kitambaa."

Nikamwambia afanye kaptula. Nikamwonyesha kamba yangu na fundo lake, nikamweleza hesabu yangu yote. Aliipokea, akaivuta kati ya mikono miwili, akanitazama, akaivuta tena. Halafu akaanza kucheka mpaka akajifuta macho.

"Unaloweka hii?"

"Ikiwa kavu itakatika."

"Unailoweka, unaivuta. Wiki nyingine unailoweka, unaivuta. Bwana wee, kilichorefuka ni kamba! Ungepimia hii kichwa chako, wiki ya nne ungekuta umebaki na kichwa cha kuku."

Alitoa utepe wake shingoni na kijidaftari mfukoni, akapiga magoti kwenye nyasi. Paja la kulia: inchi ishirini. Akafungua kijidaftari, akamwonyesha shangazi ambaye hakujua kusoma, kisha mimi. Siku aliponipima mara ya kwanza alikuwa ameandika ishirini. Akapima la kushoto. Kumi na tano na nusu.

"Huu mmoja ndio mgonjwa," akasema. "Mwingine mzima kabisa. Sasa suruali nashona kwa mguu upi?"

Shangazi aliomba apime tena. Akapima. Akaomba mara ya tatu, na fundi hakufanya utani, alipima mara ya tatu. Ishirini.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilichanganyikiwa zaidi. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nimejizoesha kufa, nimeshaagana na vitu, hata mgomba mmoja nje ya dirisha nilikuwa nimeshauaga. Na inchi ishirini zilisema paja ni zima; hazikusema chochote kuhusu yule mwanamke wa bandarini. Hakukuwa na kipimo kingine pale kijijini zaidi ya utepe wa fundi.

Siku iliyofuata shangazi aliniketisha ukingoni mwa kitanda, akakaa chini mbele yangu, akaukamata mguu kwa mikono miwili na kuusukuma nyuma. Nilipiga yowe.

"Piga tu kelele," akasema. "Majirani wamezoea kusikia kilio."

Kila asubuhi, kila jioni. Goti lilikunjika kwa upana wa kidole, kisha viwili. Nilihama magongo mawili nikaenda kwenye moja, kutoka kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kwenye mibuni, mibuni mpaka njiani. Niliwaza vile vitundu vya daktari, kama damu iliganda vizuri au mzee wa mifupa alikuwa amevizima. Wakati mwingine nilisikia kitu kikisagika mle ndani nikasimama kusikiliza. Sikujua ni gegedu linaota au ni linaisha.

Mama wa mayai alinikuta njiani, akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kumbe unatembea?"

"Natembea, mama."

"Na mayai yangu je?" akasema, akacheka, halafu akashika mdomo wake.

Safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa msibani. Alikuwa amekufa kijana mmoja wa upande wa pili wa barabara, mchezaji mpira, mwenye miguu ambayo timu za Bukoba mjini zilikuja kuiangalia. Alikonda kwa miezi mitatu. Mwanamume asiyeonekana msibani kwetu anasemwa, na nyumba ya shangazi haikuwa na mwanamume mwingine, kwa hiyo nilikwenda, kwa gongo moja, nikipumzika mara nne. Nilikaa chini migombani pamoja na wanaume wengine. Sikuweza kulia wala kufikiri vizuri. Nilikuwa nikihesabu miguu: yake miwili, yangu mmoja na nusu, na hesabu haikukubali.

Padri alipomaliza na watu wakaanza kuinuka kwenda kaburini, goti langu liligoma. Lilikuwa limekunjika kwa muda mrefu, na sasa halikutaka kunyooka. Watu walinipita. Nilibaki nimekaa pale, nikilisukuma kwa viganja, na jasho likinitoka.

Mwanamume mmoja nisiyemjua alirudi, akainama, akanishika chini ya makwapa.

"Simama, waitu," akasema. "Msiba huu si wako."

Akaninyanyua, akaniokotea gongo, tukaenda taratibu nyuma ya wengine.