Mshonaji wa Vifuniko vya Spea

Mtaani walimwita Mama Turubai, kwa kuwa alishona vifuniko vya yale matairi ya spea yanayofungwa nyuma ya magari. Kisha yakaja magari mapya yasiyo na spea, yana chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo tu. Wateja wakaota mbawa. Akashona vifuko vya chupa hizo, akavipeleka kwa muuza magari.

“Mama, chupa inakuja na mfuko wake,” akajibiwa.

“Basi shona nguo, mke wangu,” mumewe akamsihi.

Akaanza na blauzi ya binti yao. Vidole vilivyozoea turubai vikaivuta hariri, ikachanika.

“Haidhuru, mama,” binti akasema, lakini alishageuza uso.

Mama Turubai akafunika cherehani, akapanda kitandani mchana kweupe.